Seli Haichomi Chakula, Hukiteremsha: Mhadhara Juu ya Nishati, Ndizi, Togwa na Muhogo wa Mkuyuni

Kila chenye uhai, kuanzia bakteria walio ndani ya ndoo ya togwa hadi mkulima apandaye mlima akiwa amejitwika mkungu wa ndizi, huendesha maisha yake kwa kazi moja ya msingi, nayo ni kuzitoa elektroni katika chakula, kuzipitisha ngazi baada ya ngazi hadi mahali pa chini zinapotulia, na kuikamata njiani sehemu ya nishati inayofunguka kila zinaposhuka. Elektroni ni chembe ndogo mno zenye chaji hasi ambazo kila atomu inazo, na ambazo ndizo zinazozifunga atomu pamoja ziwe molekuli. Zikiwa katika sukari au mafuta huwa ziko juu, kwa maana kwamba zina nishati nyingi, na zikiisha kushikwa na oksijeni katika maji huwa zimefika chini, hazina tena cha kutoa. Mhadhara huu unahusu safari hiyo ya mteremko. Mifano yake mingi imechukuliwa Mkuyuni, kata iliyoko mashariki mwa Milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Bigwa mjini Morogoro kupitia Kiroka, na kuendelea Matombo hadi Kisaki, kwa sababu vyakula vitatu vilivyozoeleka huko, yaani ndizi, togwa na muhogo, vinaonyesha kwa pamoja sehemu kubwa ya yale ambayo biolojia imeyajua juu ya jambo hili: seli inapokuwa na hewa ya kutosha, seli inapofanya kazi bila hewa, na seli inapokuwa nayo lakini imezuiwa kuitumia.

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba mwili unachoma chakula, na usemi huo una asili ya heshima katika historia ya sayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, huko Paris, walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama huyo, kisha wakalilinganisha joto hilo na lile la mkaa unaoungua na kutoa kaboni dioksaidi kwa kiasi kile kile. Wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Katika hesabu ya mwanzo na mwisho walikuwa sahihi, kwa kuwa gramu 180 za glukosi, ambayo ndiyo sukari inayosafiri katika damu, zikiungua motoni au zikitumiwa mwilini hadi mwisho, huungana na oksijeni na kuacha maji na kaboni dioksaidi, na nishati inayofunguka ni karibu kilojuli 2,800 kwa njia zote mbili. Katika namna ya utendaji, hata hivyo, kuna tofauti ambayo bila kuielewa hakuna kinachoeleweka. Moto huitoa nishati yote kwa mkupuo na kwa umbo la joto, na joto haliwezi kuendesha mashine yoyote ila pale lilipo na mahali penye ubaridi pa kuelekea. Seli ya mwanadamu, ambayo pande zake zote zina nyuzijoto zile zile karibu 37, ingelipokea joto hilo ingeiva tu, isingefanya kazi yoyote.

Kwa hiyo seli huiteremsha sukari kwa ngazi. Mkazi wa Uluguru hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi maana ya tofauti hiyo, kwa kuwa maji yaporomokayo kutoka kileleni hubeba udongo na mawe na kuacha korongo, ilhali maji yale yale yakielekezwa katika mfereji humwagilia bustani moja baada ya nyingine. Mfano wa ngazi, ni kweli, una kumbukumbu yake chungu katika milima hiyo, kwani mwaka 1955 wakulima Waluguru waliupinga waziwazi mpango wa serikali ya kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, na upinzani huo ulifikia vurugu upande wa Matombo. Wakulima walikuwa wameona kwamba nguvu nyingi za mwili zinazikwa katika udongo wa chini usio na rutuba, na kwamba mavuno hayazirudishi nguvu hizo. Hiyo nayo ni hesabu ya nishati, tena iliyofanywa kwa usahihi, na inafaa ikumbukwe kila inapodhaniwa kwamba elimu ya nishati ilianzia maabara.

Nishati inayozungumzwa hapa haizalishwi na seli, wala haizalishwi na chakula. Ilitoka katika jua. Jani la mgomba, kwa msaada wa rangi ya kijani iitwayo klorofili, hutumia mwanga kuzipandisha elektroni zilizomo katika maji na kuzifungia ndani ya sukari, kazi inayoitwa usanisinuru. Sukari hiyo ikiunganishwa kwa minyororo mirefu huwa wanga, ambao ndio uliojaa katika ndizi mbichi, katika mzizi wa muhogo na katika punje ya mpunga. Mlaji anapotafuna muhogo uliochemshwa, mate yake huanza kuikata minyororo hiyo, na utumbo mwembamba huimaliza kazi kwa kutumia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila zenyewe kutumika zikaisha. Kinachoingia katika damu ni glukosi, na glukosi ikiisha kuvuka utando wa seli ndipo somo linapoanza hasa.

Hatua za kwanza ni 10, nazo hufanyika katika ute wa seli, nje ya viungo vyake vya ndani, bila kuhitaji oksijeni hata kidogo. Kuzitambua kulichukua takriban miaka 40 tangu mwaka 1897, Eduard Buchner alipoonyesha huko Ujerumani kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka hamira iliyosagwa, yasiyo na seli hata moja iliyo hai, bado yanaweza kuigeuza sukari kuwa kileo. Ikadhihirika kwamba kazi ya uhai inaweza kuchunguzwa kama kemia nyingine yoyote. Gustav Embden, Otto Meyerhof na Jakub Parnas ndio wanaotajwa zaidi katika kuikamilisha ramani hiyo. Mwishoni mwa hatua 10, molekuli moja ya glukosi yenye atomu 6 za kaboni huwa imegawanyika kuwa molekuli 2 za piruveti zenye atomu 3 kila moja, elektroni kadhaa huwa zimekabidhiwa kwa mchukuzi anayeitwa NAD, na seli huwa imepata faida ya molekuli 2 za ATP.

ATP, ambayo jina lake kamili ni adenosini trifosfeti, ni molekuli yenye mkia wa fosfeti 3 zilizosongamana huku kila moja ikiisukuma mwenzake kwa sababu zote zina chaji hasi; fosfeti ya mwisho inapoondolewa kwa msaada wa maji, nishati hufunguka kwa kiasi kidogo kinachotosha kazi moja ya seli, kama vile kuvuta uzi mmoja wa msuli hatua moja. Karl Lohmann aliitambua mwaka 1929, na Fritz Lipmann akaonyesha mwaka 1941 kwamba ndiyo inayounganisha shughuli karibu zote za seli. Inaweza kufananishwa na kibaba cha sokoni, kwani muuzaji awe wa mchele au wa maharage hupima kwa kipimo kile kile; vivyo hivyo seli, iwe imepata nishati kutoka ndizi, mafuta ya nazi au samaki, huipima yote kwa ATP kabla ya kuitumia. Kibaba hicho hakiwekwi akiba. Mwili wa mtu mzima una gramu zisizozidi mia moja hivi za ATP kwa wakati mmoja, lakini kila molekuli huvunjwa na kuundwa upya mara nyingi mno kwa siku, kiasi kwamba jumla ya ATP inayotengenezwa kati ya asubuhi na asubuhi hukaribia uzito wa mwili wenyewe.

Ikiwa hakuna oksijeni, safari huishia hapo hapo, na tatizo lililobaki ni la mchukuzi: NAD aliyejaa elektroni hawezi kubeba nyingine mpaka ashushe mzigo wake. Viumbe vidogo vilivyomo katika togwa vina ufumbuzi. Uji wa mahindi, mtama au ulezi ukiisha kupoa hutiwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, na vimeng'enya vilivyomo katika kimea huukata wanga kuwa sukari ndogo, ndiyo sababu uji mzito hulainika na kuwa mtamu. Kisha bakteria wa asidi ya laktiki huichukua sukari hiyo, huipitisha katika hatua zile zile 10, na huzirudisha elektroni kwa piruveti yenyewe, ambayo hugeuka kuwa asidi ya laktiki na kuifanya togwa iwe na uchachu. Hamira, inayokuwamo pamoja nao, huzitupa elektroni kwa njia nyingine na kuacha kileo kidogo na mapovu ya kaboni dioksaidi. Togwa imechunguzwa kwa kina na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mjini Morogoro mwaka 1984, na ni sawa kabisa kwamba kinywaji cha nyumbani kipewe uzito huo, kwa sababu uchachu wake huwazuia bakteria wengi waletao maradhi ya kuhara wasistawi ndani yake.

Jambo la kushangaza katika togwa ni jinsi wachachushaji hao wanavyochukua kidogo. Kwa kila glukosi wanayoitumia, bakteria hao huondoka na ATP 2 tu, na sehemu kubwa mno ya nishati huiacha ndani ya asidi ya laktiki, kwa kuwa elektroni hazikuteremka mbali. Zilizungushwa tu kutoka sehemu moja ya chakula hadi nyingine. Ndiyo maana togwa inabaki kuwa chakula, na ndiyo maana anayekunywa hushiba: mwili wake, ulio na oksijeni, unaweza kuiendeleza safari pale ambapo bakteria walikomea. Kwa sababu hiyo hiyo pombe ina nishati nyingi, karibu kilokalori 7 kwa kila gramu ya kileo, ikilinganishwa na 4 za wanga na 9 za mafuta, ingawa nishati hiyo haiji na protini wala vitamini.

Misuli ya binadamu hufanya kama bakteria hao kwa muda mfupi inapobidi. Mtu anayepanda haraka kutoka bonde la Mkuyuni kuelekea mashamba ya juu akiwa na mzigo hufika mahali ambapo misuli ya mapaja huhitaji ATP kwa kasi kubwa kuliko oksijeni inavyoweza kuitosheleza. Hapo seli huongeza mwendo wa hatua 10 za kwanza na kutoa lakteti, umbo la asidi ya laktiki lililomo mwilini, ambayo husafirishwa na damu hadi kwenye ini na huko hujengwa upya kuwa glukosi, mzunguko uliofafanuliwa na Carl na Gerty Cori, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Imezoeleka kusemwa kwamba maumivu ya misuli ya siku ya pili na ya tatu yanatokana na asidi hiyo kubaki mwilini. Sivyo, lakteti huondoka katika muda wa saa chache baada ya mtu kupumzika, na maumivu ya baadaye hutokana na nyuzi za msuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa wakati wa kuteremka.

Penye oksijeni, piruveti huingia katika mitokondria. Hivi ni viungo vidogo vya ndani ya seli vilivyopewa jina hilo na Carl Benda mwaka 1898, vyenye tando mbili, ya nje iliyo laini na ya ndani iliyojikunja mikunjo mingi, na asili yake ni bakteria waliomezwa na seli nyingine zama za kale wakabaki kuishi humo; ushahidi mmoja ni kwamba hadi leo mitokondria zina DNA yao wenyewe, ya duara kama ya bakteria. Binadamu huzirithi kutoka kwa mama peke yake. Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama na ambao ardhi ya ukoo kwa desturi ilipitia upande huo huo, wanaweza kuona hapa ulinganifu wa kupendeza, ingawa ni ulinganifu tu, kwani desturi ya watu na biolojia ya seli kila moja ina sababu zake.

Ndani ya mitokondria, mabaki ya chakula huingizwa katika mzunguko uliogunduliwa na Hans Krebs huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1937. Makala yake ya kwanza ilirudishwa na jarida la Nature na ikachapishwa kwingine, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Katika mzunguko huo kila atomu ya kaboni iliyobaki hutolewa kama kaboni dioksaidi, ile ile inayotoka puani, na elektroni zote za thamani hukabidhiwa kwa wachukuzi. Mafuta ya nazi na protini za maharage nazo, zikiisha kukatwakatwa, hujiunga na mkondo huo huo. ATP inayopatikana moja kwa moja katika mzunguko huo ni chache. Utajiri wenyewe umo katika wachukuzi waliojaa elektroni, ambao sasa huelekea kwenye utando wa ndani.

Katika utando huo zimepangwa protini kubwa 4, nazo hupokezana elektroni kama watu waliojipanga kupitisha ndoo za maji mkono kwa mkono. Baadhi yake zina chuma na rangi, na David Keilin ndiye aliyezitambua rangi hizo mwaka 1925 na kuziita sitokromu. Mwisho wa mstari ipo oksijeni, ambayo huzipokea elektroni, huungana na hidrojeni na kuwa maji. Kazi yote ya mapafu, moyo na damu nyekundu, kwa upande wa oksijeni, inaishia hapa: kumfikisha mpokeaji wa mwisho mahali pake. Lakini swali lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi lilikuwa hili: elektroni zikiisha kushuka, nishati yake huingiaje katika ATP? Wengi walitafuta molekuli fulani ya kati inayoibeba, na hawakuiona, kwa kuwa haikuwepo.

Jibu lilitolewa mwaka 1961 na Mwingereza Peter Mitchell, ambaye baadaye, kwa sababu ya afya, aliondoka chuoni Edinburgh na kuendesha maabara yake binafsi katika nyumba ya zamani huko Cornwall. Alisema kwamba protini za utando hutumia nishati ya elektroni zinazoshuka kusukuma protoni, yaani atomu za hidrojeni zilizopokonywa elektroni, kutoka upande mmoja wa utando kwenda upande wa pili. Protoni hujazana huko kama maji nyuma ya ukuta, na zinaporudi kwa kupitia mlango maalumu, nguvu ya kurudi kwake huunda ATP. Kwa zaidi ya miaka 10 wengi hawakumwamini. Mwaka 1974 Efraim Racker na Walther Stoeckenius walitengeneza vifuko vya mafuta visivyo na mitokondria yoyote, wakaweka ndani yake protini ya kiumbe kidogo kifananacho na bakteria, inayosukuma protoni inapomulikwa, pamoja na ule mlango uliotolewa katika moyo wa ng'ombe. Walipowasha taa, ATP iliundwa, ingawa viumbe hivyo viwili havina uhusiano wowote mwingine ila kusukuma na kurudisha protoni. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Barabara ya Mkuyuni inaelekea Kisaki, na kutoka huko safari huendelea hadi Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambako mitambo 9, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235, hufanya jumla ya megawati 2,115. Ufananisho wa bwawa na mitokondria si pambo la maneno, bali ni maelezo ya kitu kilivyo. Mlango wa protoni kweli ni mtambo unaozunguka: una gurudumu lililozama katika utando, mhimili, na kichwa chenye vyumba 3 vinavyobana malighafi na kuiachia ATP iliyokamilika. Paul Boyer na John Walker walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kuufafanua, na mwaka huo huo watafiti wa Japani walibandika uzi unaong'aa kwenye mhimili wake, wakautazama kwa darubini ukizunguka. Kwa wanyama, protoni 8 huzungusha gurudumu mara moja na ATP 3 hutoka. Ukuta wa bwawa hili una unene wa nanomita 5 hivi, na tofauti ya umeme kati ya pande zake ni takriban volti 0.15, ambayo ikigawanywa kwa unene huo mdogo ni sawa na volti milioni 30 kwa mita. Kwa jumla, glukosi moja ikifika mwisho wa safari humpa mwenye seli ATP zipatazo 30 hadi 32, wala si 36 au 38 kama vitabu vya zamani vilivyofundisha, kwa kuwa utando huvuja kidogo na usafirishaji nao una gharama yake. Kinachobaki huwa joto. Mtoto mchanga, ambaye hawezi bado kutetemeka vizuri kwa baridi, ana mafuta maalumu ya kahawia ambayo mitokondria zake hufungua njia ya pembeni, protoni zikarudi bila kuzungusha mtambo, na nishati yote ikamtia joto.

Ndizi hutoa somo hilo hilo kwa upande wa mimea, na wengi husahau kwamba mimea pia hupumua. Mkungu uliokatwa haujafa. Seli zake zina mitokondria kama zetu na huendelea kuvuta oksijeni. Ndizi mbichi iliyokomaa ina wanga unaokaribia robo moja ya uzito wa nyama yake, na inapoiva karibu wanga wote huo hugeuka sukari huku kasi ya kupumua ikipanda ghafla mara kadhaa, ikichochewa na gesi iitwayo ethilini ambayo ndizi yenyewe huitoa. Wanaovundika ndizi kwa kuzifunika kwa majani shimoni au katika chumba kilichozibwa wanaikusanya gesi hiyo na joto la upumuaji pamoja. Mfanyabiashara anayezipakia kwa wingi katika lori kwenda Dar es Salaam anapambana na jambo hilo hilo kwa upande wa hasara, kwani shehena isiyopitisha hewa hujipasha joto yenyewe na kuiva kabla ya kufika sokoni. Kivuli na nafasi ya hewa kati ya mikungu ni matumizi sahihi ya elimu ya mitokondria, hata kama aliyevipanga hajawahi kulisikia neno hilo.

Limebaki la muhogo, ambalo ni zito kuliko yote. Seli za muhogo, hasa za aina chungu, huweka ndani ya vifuko vyake kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikiwa peke yake haina madhara makubwa, lakini katika kuta za seli hizo kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Mzizi unapotafunwa na mdudu au kusagwa, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Sianidi hujishikiza kwenye chuma cha protini ya mwisho katika ule mstari wa wapitisha elektroni, mahali pale pale oksijeni ilipopaswa kukaa. Matokeo yake ni kama barabara ya mlimani wakati wa masika, daraja moja likikatika: gari la mbele likisimama, yote ya nyuma husimama. Elektroni hukwama, protoni hazisukumwi tena, mtambo wa ATP hukoma kuzunguka, na seli iliyozungukwa na oksijeni tele hukosa pumzi. Hujaribu kujiokoa kwa zile hatua 10 za kwanza na ATP zake 2, lakteti ikipanda katika damu, lakini ubongo na moyo haviwezi kuishi kwa kipato hicho. Mmea wenyewe una kinga, kwani mitokondria za mimea zina njia ya pili ya kuzifikisha elektroni kwa oksijeni ambayo sianidi haiwezi kuiziba. Binadamu hana.

Anayekula kiasi kidogo kila siku huathirika kwa namna nyingine. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa watu wa Kwango, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uitwao konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa: mtu aliyekuwa na afya njema, mara nyingi mtoto au mwanamke mwenye umri wa kuzaa, miguu yake yote miwili hukakamaa ghafla, na hali hiyo haiponi. Tanzania iliuona ugonjwa huo Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 watu wa Wilaya ya Masasi walipata sumu ya ghafla baada ya kula chakula kiitwacho chinyanya, ambacho hutengenezwa kwa muhogo mchungu uliotwangwa na kuanikwa kwa muda mfupi. Dakta Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ni miongoni mwa waliochunguza matukio hayo. Sababu ilikuwa moja katika matukio hayo ya Tanzania: ukame uliwaachia watu muhogo mchungu peke yake, njaa ikawafupishia siku za kuutayarisha, na uhaba wa maharage, samaki na mayai ukawanyima salfa ambayo ini huitumia kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na sumu kali kinachotoka kwa mkojo. Kosa halikuwa la wapishi. Maarifa ya bibi zao, ya kuloweka muhogo siku 3 au zaidi hadi ulainike, yalikuwa sahihi kikemia, kwa sababu kulainika ni kuvunjika kwa kuta za seli, na kuta zikivunjika linamarini yote hukutana na kimeng'enya chake, na sianidi huondoka majini na hewani kabla ya mlo; kilichokosekana ni siku zenyewe. Kumenya muhogo mchungu na kuanika makopa tu hakutoshi, kwani seli nyingi hukauka zikiwa nzima na kuifungia sumu ndani.

Kwa hiyo wenye kugawa chakula na mbegu, mabwana shamba na walimu wa shule katika vijiji vya Uluguru na kwingineko wanaombwa wasisubiri mwaka wa ukame ndipo wafundishe. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yameweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga wa muhogo. Unga uliokwisha kusagwa na unaoshukiwa kuwa haukulowekwa vya kutosha bado unaweza kuokolewa kwa njia iliyotengenezwa na Howard Bradbury wa Australia: unga huchanganywa na maji hadi uwe rojo nzito yenye unyevu, hutandazwa juu ya mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita 1, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sianidi ipae, kisha husongwa ugali siku hiyo hiyo. Njia hiyo hupunguza sumu iliyomo kati ya mara 3 na mara 6, na haihitaji chombo chochote ambacho hakimo tayari jikoni.